Soko la mikono la wikiendi hapa Mwanza: mimi naangalia yule mama amerudi na nini

Wadau habari za jioni. Kuna swali linazunguka sana kwenye magrupu, watu wanauliza hili soko la bidhaa za mikono upande wa Kirumba, lile lenye siku ya familia ndani yake, je linafaa kwenda na watoto, kuna vitu vya maana au ni spika na maputo tu kama tulivyozoea. Mimi nimeenda pale kama mnunuzi na nimekaa nyuma ya meza vilevile, maana wifi yangu anasuka vikapu na nikipata nafasi namsaidia kuuza, kwaiyo nitaongea pande zote mbili. Nawapa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoizuia nitaifikia, nimeizuia kwa sababu nalipenda hili soko na nataka lidumu.

Kwanza niseme napimaje maana hapa ndo watu tunapishana. Waandaaji wengi ukiwauliza shughuli imeendaje wanakuambia watu walijaa, wanakutumia na picha iliyopigwa kutoka juu, kweli uwanja umefurika hadi barabarani. Sawa. Ila yule mama aliyetoka Igoma asubuhi na maboksi yake ya sabuni amerudi nyumbani na shilingi ngapi? Tupige hesabu ya kawaida tu. Chukulia meza elfu 15, bajaji kwenda na kurudi elfu 10, kula yake na ya binti anayemsaidia elfu 5. Hapo ameshatoa elfu 30 kabla hajafungua mkono. Kama kila kipande cha sabuni kinampa faida ya 500 basi anatakiwa auze vipande 60 ndo arudi sifuri, yaani 60 za kufanya kazi bure, faida inaanza kwenye cha 61. Sasa shughuli ikiitwa ya kuwainua wajasiriamali wadogo mi naona hesabu yake iko hapo kwenye mkoba wa huyo mama saa 12 jioni, siyo kwenye picha ya juu. Na kwa kipimo hicho hawa watu wa Kirumba wako vizuri kuliko wengi niliowahi kuwaona hapa mjini.

Kitu cha kwanza walichokifanya vizuri ni kiingilio, hakuna, unaingia bure. Kuna wengine waliwahi kufanya la kwao sehemu nyingine hapa hapa Mwanza, siwataji, wakaweka elfu 5 kwa mtu mzima na elfu 3 mtoto. Baba na mama na watoto watatu hiyo ni elfu 19 imebaki getini, na familia nyingi za huku kwetu zikitoka jumamosi zinatoka na hela iliyopangwa, ikishakatwa getini inayobaki ni ya soda na nauli. Watu walizunguka kwenye meza wanashika shika vitu wanasema vizuri hivi mama, hongera mama, wanaondoka. Hongera hailipi meza jamani. Wauzaji walirudi na mizigo yao karibu yote na waandaaji wakaposti kuwa imefana.

Cha pili ni mpangilio, na hapa nataka nikae kidogo maana watu hawajui kama kuna akili kubwa imetumika. Mlango ni mmoja. Ukiingia unakutana na meza, mistari miwili inatazamana, njia ya katikati pana watu wanne wanapishana bila kugusana na mwenye mtoto mgongoni anapita. Michezo ya watoto na ngoma viko mwisho kabisa kule ndani. Maana yake nini? Kila familia inayoleta watoto kurukaruka lazima ipite mbele ya meza zote kwenda na ipite tena kurudi. Wakati wa kwenda watoto wanavuta mkono hakuna anayenunua, wakati wa kurudi watoto wamechoka, mama anatembea taratibu, hapo ndo mauzo yalipo. Wifi yangu vikapu vyake vingi vinaondoka kuanzia saa 10 kwenda mbele na wauzaji wenzake wanasema hivyo hivyo.

Na chakula wamekihamisha. Mwanzo majiko yalikuwa upande wa ziwani, kwa macho panapendeza kweli, unakula sato unaangalia maji. Lakini mtu wa hapa anajua mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, kwaiyo moshi wote wa mishkaki ulikuwa unashuka kwenye meza za vitenge na batiki. Mteja ananusa kitenge kipya kinanuka nyama choma anakirudisha mezani. Wauzaji walisema na waandaaji wakasikia, saivi majiko yako upande wa barabarani, moshi unaenda zake. Mwandaaji anayesikiliza muuzaji wa kitenge ni mwandaaji wa kumshika. Upepo huo huo wa mchana ndo unanyanyua maturubai, ila Mwanza hatukosi mawe, kila nguzo imefungwa kwenye jiwe kubwa, sijaona hema likiruka.

Sasa vitu vyenyewe.

Vikapu vya magugu maji. Najua mnaweza kusema nampigia debe wifi, ila meza za vikapu ziko kadhaa pale na ushauri wangu ni wa meza zote. Haya magugu yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka ya 90 yakafunika ghuba na mialo, wavuvi mitumbwi haitoki, na mpaka leo yanakuja na kuondoka na upepo. Wasukaji wanakata vile vikonyo virefu, wanaviosha tope, wanavianika juani wanavigeuza geuza mpaka viwe vya rangi ya kahawia na vyepesi, halafu wanavisokota kama kamba ndo wanaanza kusuka. Gugu lenyewe zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwaiyo ule mzigo mkubwa wa kubeba kichwani ukikauka unabaki kitu kidogo sana, ndo maana ukiambiwa kikapu elfu 25 usishtuke ukasema haya si magugu tu ya bure. Hakuna cha bure hapo, kuna mgongo wa mtu.

Ukinunua fanya hivi. Bonyeza ukuta wa kikapu kwa dole gumba halafu achia, kizuri kinarudi, kibaya kinabaki na shimo. Kisha ingiza pua ndani kabisa unuse. Kikapu kilichokauka vizuri kinanuka majani makavu, kile kilichosukwa na vikonyo vibichi kinanuka unyevu kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, hicho wiki mbili tu kinaota ukungu. Angalia na mshikio umeanzia wapi, uwe umesukwa kutoka kwenye mwili wa kikapu chini, usiwe umeshonewa juu. Nilimsikia dada mmoja anamwambia bibi wa meza ya pili, "Mayu, punguza basi." Bibi akamwambia, "Mwanangu, weka kilo 10 za mchele humo ndani unyanyue, kikikatika njoo nikurudishie hela yako na nauli." Dada alilipa bila neno jingine. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kikapu cha sokoni kina kazi kweli kila wiki, siyo pambo la kutundika ukutani.

Meza za dagaa. Hapa nimefurahi mno. Kuna akina mama wanaleta dagaa waliokaushwa kwenye chanja, waliosafishwa, wengine wamekaangwa kabisa na pilipili na limao, wamefungwa kwenye pakiti ina jina, uzito, tarehe. Tofauti ya dagaa wa chanja na dagaa wa kuanikwa chini anaijua kila aliyewahi kusaga mchanga kwenye meno. Dagaa wa chini unamwosha maji matano bado. Mama mmoja pale ana kibakuli cheupe cha maji mezani, unachukua dagaa wake mwenyewe unawatumbukiza, unakoroga, unaangalia chini ya kibakuli. Safi. Haongei sana, anakusogezea kibakuli tu. Mi nikanunua pakiti tatu.

Ila kuna jambo la dagaa ambalo waandaaji nawaomba walisikie. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Mkipanga soko wiki ya mbalamwezi hawa akina mama wanakuja na mzigo kidogo wa bei ya juu na wateja wanawaona wao ndo wakali. Angalieni kalenda ya mwezi wa angani kabla hamjatoa tarehe, haigharimu kitu. Na ule mwezi wa mshahara nao muuangalie. Mwanza ya tarehe 28 na Mwanza ya tarehe 18 ni miji miwili. Waliwahi kuweka katikati ya mwezi na meza zilikuwa kimya mno, watu wanapita mikono nyuma.

Kuna mafundi wa kutoka Makoroboi pia. Kwa wageni, Makoroboi ni lile eneo pale katikati ya mji walipo mafundi bati, jina lenyewe limetokana na koroboi walizokuwa wanatengeneza kwa makopo na mabati chakavu. Koroboi zenyewe saivi umeme na sola vimezipunguzia soko, wanatengeneza majiko, ndoo za kumwagilia bustani, masanduku, na pale kwenye soko kuna mzee mmoja anatengeneza vibubu vya watoto kwa makopo ya maziwa. Anafanya mbele yako. Anakata kopo kwa mkasi wa bati, anakunja ule ukingo mara mbili usikate vidole vya mtoto, anaugonga na nyundo ndogo juu ya kipande cha reli, anachonga tundu la sarafu, analehemu kifuniko, dakika chache umeshapata. Halafu anampa mtoto nyundo agonge mara ya mwisho mwenyewe. Kijana wangu aligonga pale ulimi nje, mzee anamwambia "taratibu babu, bati halikimbii". Hicho kibubu mpaka leo hakuna anayeruhusiwa kukishika nyumbani.

Na hicho kibubu alikinunua mwenyewe, sikutoa hela mimi, nieleze maana hii ndo akili iliyonikosha kuliko zote. Michezo ya watoto inalipiwa elfu 3 kwa mtoto siku nzima. Anafungwa karatasi mkononi imeandikwa namba ya simu ya mzazi (akipotea anapelekwa hema la huduma ya kwanza wanakupigia, hawatangazi jina la mtoto kwenye spika, na hilo nimelipenda sana kiusalama). Katika ile elfu 3, elfu 1 inarudi kama kuponi ambayo mtoto anaitumia kwenye meza yoyote ya bidhaa za mikono, na jioni muuzaji anazipeleka kuponi zake kwa waandaaji anapewa keshi. Kwaiyo mtoto anageuka mteja. Anasimama mbele ya meza, anauliza bei mwenyewe, anachagua. Na mtoto akishasimama na mzazi kasimama, mzazi akisimama ananunua. Wifi mpaka kaanza kusuka vijikapu vidogo vya elfu 1 vya kuwekea penseli kwa ajili ya kuponi tu. Sijaona sehemu nyingine hapa Mwanza wakifanya hivi, wenye shughuli zenu igeni, hakuna atakayewashtaki.

Michezo yenyewe ipo ya kutosha. Majumba ya upepo ya kurukia yapo lakini foleni ndefu. Kuna kukimbia na magunia, kuvuta kamba, rede, na kona ya kupaka rangi mawe, wanaokota mawe madogo ya hapo hapo wanayachora samaki na mitumbwi. Wakubwa kuna bao pembeni chini ya mti na wazee wa pale hawana huruma.

Saa 9 kuna ngoma. Nilikuta kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya Kisukuma, majembe yanarushwa juu yanadakwa, watoto wamekaa chini mbele kabisa midomo wazi. Kuna watu walilalamika kwamba wakati wa ngoma meza zinabaki tupu. Ni kweli kwa hiyo nusu saa, ila ngoma ikiisha ule umati wote unarudi kupitia kwenye meza kwa pamoja na umechangamka. Usukumani hili tunalijua zamani, nenda kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora Kisesa mwezi wa 6 uone, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu wanashindana kucheza, umati umekuja kwa ajili ya ngoma, na pembeni biashara zinakwenda. Ngoma inaita watu kuliko tangazo lolote la redio. Kosa ni kuiweka ngoma getini, watu wakaangalia wakaondoka. Hawa wameiweka ndani, wako sahihi.

Wauzaji wa ng'ambo wameongezeka, yaani wa Sengerema na Geita. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kukaa foleni ya kivuko na mzigo juani, km 3 za daraja unazipita dakika chache. Kuna kina dada wanakuja na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vya kukausha, kutoka vijijini kule, asubuhi mapema wameshapanga. Zamani walikuwa wanafika saa 5 meza za mbele zimeshachukuliwa, wengine wanalala mjini kwa ndugu siku moja kabla. Michembe ile kwa chai ya maziwa na karanga jamani, msiniulize. Niliwasalimia kwa Kisukuma "mwadila", wakaniongezea kikombe kizima.

Kuna meza moja wengi wanaipita na wasingeipita, ile ya afisa maendeleo ya jamii. Anaeleza ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata, kikundi kinasajiliwaje, fomu inajazwaje. Amekaa na wauzaji mmoja mmoja, hana haraka, anaandika kwa mkono wake kwenye daftari la mama ni karatasi zipi alete. Karibu yake kuna kijana anaelekeza wauzaji wa vyakula kuhusu lebo na njia ya kwenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, kwa ajili ya alama ya ubora ya TBS. Mama wa dagaa wa kibakuli alikaa pale muda mrefu sana. Pakiti yake ikipata hiyo alama itaingia madukani, hapo ndo soko la wikiendi limefanya kazi ambayo wikiendi haiwezi.

Sasa ile nyota niliyoizuia.

Kuna mambo mawili na yote yanagusa mkoba wa muuzaji. La kwanza spika. Ile spika kubwa imeelekezwa kwenye meza. MC anaita wadhamini, anaita wadhamini tena, muziki juu, na muuzaji na mteja hawasikilizani. Nilikuwa nimekaa na wifi, akaja baba mmoja mtu mzima na mkewe, wameshika kile kikapu kikubwa chenye mfuniko cha elfu 45, anauliza kitu. Wifi anasema eeh? Baba anarudia. Wifi anainama sikio, hasikii, anaonesha vidole. Yule mama akaangalia mumewe akacheka kidogo kwa adabu, wakakiweka taratibu wakaondoka. Baadae nikakutana nao kwenye chakula nikawasalimia, shikamoo baba, nikauliza mlikuwa mnataka kujua nini, akasema "tulitaka kujua kama anaweza kutengeneza sita vya saizi ile kwa ajili ya shughuli ya binti yetu, lakini makelele yale mwanangu, tukaona basi." Sita! Hiyo ni laki 2 na elfu 70. Nikawarudisha mwenyewe kwa mkono wakaongea nyuma ya hema, ila wangapi hawakurudi? Biashara ya mikono inauzwa kwa maneno, mtu anataka kujua kimetengenezwaje, kinadumu muda gani, unaweza kunipunguzia. Bila maneno inabaki bei tu na kwa bei tu plastiki itashinda siku zote. Waandaaji geuzeni hiyo spika iangalie huko kwenye michezo, na MC mpeni maiki ya mkononi apite meza moja moja amuulize mama hiki nini, umekitengenezaje. Huo ndo utangazaji.

La pili ni hili na limenikera zaidi. Safari ya karibuni meza tano za mbele kabisa pale mlangoni walipewa watu wanaouza midoli ya plastiki ya dukani, miwani, makava ya simu. Nilipouliza nikaambiwa wanalipa meza mara mbili. Sina ugomvi na mtu anayetafuta riziki, wale vijana nao wana watoto. Lakini hao wana soko kila siku ya Mungu barabarani, hili limeitwa la bidhaa za mikono. Mtoto ana kuponi yake mkononi, anaingia tu getini anakutana na gari la plastiki linalowaka taa, unadhani atafika kwa mzee wa vibubu? Na kuponi si za meza za plastiki, kwaiyo mtoto anaanza kulia, mzazi anatoa hela yake pale pale kumnyamazisha, na ile hela ndo ilikuwa ya kikapu. Ile meza iliyolipa mara mbili imewagharimu wale wengine wote huko ndani. Kama hela haitoshi kuendesha shughuli, vyoo, walinzi, usafi, semeni wazi, mi niko tayari mtoto alipe elfu 4 badala ya 3, na nadhani wazazi wengi watakubali wakielezwa inaenda wapi. Au hao wadhamini wanaotajwa kila dakika tano walipie vyoo, jina lao tutalisoma mlangoni mwa choo safi kwa furaha kabisa.

Wadhamini nao hema lao kubwa lilikuwa kwenye kivuli cha mti na akina mama juani. Nalisema tu.

Vyoo vilikuwa visafi mpaka saa 9, baada ya hapo maji yakakata. Parking ni shida, njoo na daladala au boda.

Malipo, beba keshi ya kutosha na iwe ndogo ndogo. Wengi saivi wana lipa namba na wameiandika kwenye karatasi mezani, vizuri sana, ila jioni watu wakijaa mtandao unakuwa mzito, unalipa, meseji haiji, muuzaji hawezi kukuachia mzigo bila meseji na wala usimlaumu. Noti ya elfu 10 kwa kitu cha elfu 2 saa 4 asubuhi ni kumtesa mtu, hana chenji bado. Bei nyingi hazijaandikwa kwenye bidhaa, hili nalo ningependa waandaaji walihimize, kuna watu wana aibu ya kuuliza, hasa vijana, wanapita tu. Kadi ndogo yenye bei na jina la aliyetengeneza inatosha, na kupatana kutakuwepo tu.

Kula kwenye yale mahema ya upande wa barabarani. Sato wa kukaanga mzima na ugali wa udaga, kachumbari, pilipili ya kusaga, chagua mwenyewe samaki wako kabla hajaingia kwenye mafuta, angalia macho yake. Juisi ya ukwaju ya yule dada wa dela la kijani haina maji mengi. Mishkaki ya kawaida.

Muda mzuri wa kwenda, kama unataka kununua kwa utulivu na kuongea na wasukaji njoo saa 3 mpaka saa 5 kabla spika haijaamka, kama unaleta watoto njoo baada ya chakula cha mchana mkae mpaka ngoma iishe.

Kuhusu oda, wengi mnauliza. Wanapokea, karibu wasukaji wote. Lipa nusu kabisa hapo hapo na uandikiwe kwenye daftari, maana wamechoka na watu wanaoagiza vikapu vinane halafu simu haipokelewi, msukaji kabaki na mzigo wa rangi ambayo hakuna mwingine anaitaka. Na hesabu muda wa kukausha vikonyo, wakati wa jua wanaenda haraka ila mvua za vuli zikianza kila kitu kinachelewa na ndo hapo vinapotokea vile vya kunuka unyevu. Ukitaka vya sendofu ya Desemba agiza Septemba, mwisho Oktoba mwanzoni.